Bibi Shamba Ameshindwa Kazi, Mwacheni Hapa

Kibanda cha Ushonaji,
Kando ya mashine ya kusaga.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Ushauri wa Kilimo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MKE WANGU, AMBAYE NAMPENDA

Na ndipo dereva wako alipowasha gari. Wewe ulikuwa umesema, "Fundi, usiwe mchoyo, mkeo ni mali ya taifa," nami nilikuwa nimeshafungua kinywa kukujibu, lakini badala ya maneno kutoka, vumbi likaingia. Kwa hiyo naomba niendelee hapa hapa tulipokatiwa, kwa maandishi, kwa kuwa barua haina dereva mwenye haraka.

Nilichotaka kusema ni kwamba umekosea mtu.

Ulipopita na gari lako uliona mashamba ya hapa yamesimama vizuri ilhali mvua ilikatika katikati ya msimu. Ukauliza nani amewafundisha watu kulima hivi. Ukaambiwa ni Bibi Shamba. Papo hapo ukaamua kwamba mwanamke huyo anafaa kupelekwa kule kwenye nyanda kavu, mwisho wa barabara, ambako mvua imekuwa kama shemeji mwenye madeni, haionekani mpaka isahaulike. Ukampa hadi mwisho wa mwezi kufunga mizigo.

Ndugu Mkurugenzi, mimi ndiye mume wa Bibi Shamba. Tumeoana mwanzo wa msimu huu, siku chache kabla ya mvua ya kwanza, na mashuka yetu bado yana harufu ya duka. Nikimwona anakuja njiani na fimbo yake ya kupimia, mguu wangu unasahau kukanyaga cherehani. Lakini mapenzi ni mapenzi na ukweli ni ukweli, na ukweli ni kwamba mke wangu ameshindwa kazi kabisa. Na afisa aliyeshindwa hapelekwi kwenye shida kubwa zaidi. Anaachwa pale pale mpaka ajirekebishe. Mimi niko tayari kumsimamia katika kujirekebisha huko, hata ikituchukua maisha yetu yote.

Isije ikadhaniwa kwamba nina chuki naye. Alikuja kibandani kwangu mwaka jana, mgeni hapa, na suruali ya kazi mkononi. Alitaka nimwongezee mifuko miwili mirefu ya kuwekea udongo. Nikamwuliza, "Dada, udongo wote huu unaupeleka wapi?" Akasema, "Nyumbani. Nikautazame ukiwa umetulia." Nilimshonea mifuko saba. Ile mitano ya ziada ilimfanya arudi kuuliza imetoka wapi, na mimi nikapata nafasi ya kueleza. Tangu siku ile mambo yangu yote yamekuwa matamu, hata sindano ikinichoma nasema asante. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaandika kwa uchungu, na kwa haki.

1. Haheshimu kalenda ya Idara.

Idara yako ilituletea kalenda nzuri ya ukutani, yenye picha ya bwana mmoja mwenye tai akishika hindi kana kwamba ni simu. Kalenda hiyo inaonyesha wiki ya kupanda, wiki ya kupalilia na wiki ya kuvuna, na haijabadilika tangu nikiwa shule. Mke wangu aliitazama akasema, "Hii imechapwa na mtu ambaye mvua humkuta ndani." Akaigeuza, upande mweupe akachora jinsi ya kupanda kwa kufuata kontua, ile mistari inayokata mteremko ili maji yasikimbie.

Yeye hafuati wiki. Anachoma kidole ardhini. Kidole kikitoka na unyevu mpaka kwenye kiungo cha pili, anasema pandeni. Kikitoka kikavu, anasema ngojeni. Sasa watu wote wa hapa wanatembea na vidole vya udongo, na wakija kibandani kuchagua kitambaa cheupe najua cha kufanya nacho baadaye, ni kukifua. Ni kweli kwamba waliofuata kalenda walipanda kwenye vumbi, na waliofuata kidole leo wana masuke. Lakini utovu wa nidhamu ni utovu wa nidhamu, hata ukizaa.

Nikiwa hapo kwenye ukuta, niongeze kwamba lile bango lenu la "Tukabili Mabadiliko ya Tabianchi" lililo njia panda limepauka kwa jua. Neno lililobaki ni "Tukabili", na wageni wanatuuliza ni nini tunachokabili.

2. Hana subira na Serikali.

Utakumbuka kwamba mbegu za mtama wa muda mfupi, ule unaovumilia ukame, zilichelewa kutufikia. Barua ya ofisi yako ilieleza kwamba mbegu za kuvumilia ukame zimezuiwa njiani na mafuriko. Sisi tuliielewa hali hiyo. Mke wangu hakuielewa. Wiki ile ile ya harusi yetu, watu wengine wakiwa wanafungiwa milango wale fungate kwa utulivu, alisema, "Mume wangu, unapenda kusafiri?" Nikasema napenda popote atakapokuwepo. Nilikuwa namaanisha hoteli.

Tulikwenda kwa lori la saruji hadi ukingo wa mto uliofurika kwa mvua za mbali, tukavuka kwa miguu kufuata mbegu, tukavuka tena na magunia kichwani, tukarudi kwa lori lile lile. Fungate yangu, Ndugu Mkurugenzi, nimeila juu ya magunia ya mbegu, nikiwa mweupe kwa saruji kama sanamu, mke wangu akiniegemea bega na kunieleza tofauti ya mzizi unaokwenda chini na mzizi unaokwenda pembeni. Alisema, "Mahindi yana mizizi ya watu wa mjini, yanazoea bomba. Mtama una mizizi ya mtu aliyewahi kulala njaa." Sijawahi kuwa na furaha kama siku ile, na sitegemei. Lakini mbegu zenu zilipofika rasmi, wakati wa palizi, hapakuwa na mtu wa kuzipokea, na karani wenu alijisikia vibaya. Afisa mwenye adabu angengoja ashindwe pamoja na wenzake.

3. Ameharibu jina la mtu.

Jirani yetu ni mzee ambaye wote hapa tunamwita Mzee Bado. Ukimwuliza umekula, bado. Umeoga, bado. Umepona, bado. Ni jina alilolijenga kwa jasho la miaka mingi. Mke wangu alikwenda kwake kumwonyesha mashimo ya kuvunia maji, yale ya kina cha mkono, ambayo mtu anachimba kabla ya mvua na kutia samadi ndani ili tone lolote likidondoka lisikimbie. Mzee Bado alitazama yale mashimo akasema, "Bibi Shamba, kaburi langu bado. Mbona unanichimbia mapema, tena mengi hivi?"

Akamjibu, "Babu, ukipanda humu, kaburi litangoja."

"Na nisipopanda?"

"Basi nimeshakusaidia kuchimba."

Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na kwa kuwa alikaa ndani ya shimo, akaona kuna ubaridi mzuri, akakubali. Sasa ana mashimo shamba zima, na mtama umemzidi kimo. Juzi nilipita nikamsalimia, "Mzee, vipi mtama, umekomaa?" Akaniambia, "Tayari." Nilisimama njiani nisijue nimwite nani. Huwezi kumvua mzee jina lake hivi hivi, halafu ukahamishwa. Akae hapa amtafutie jingine.

4. Anavalisha mimea kuliko anavyonivalisha mimi.

Mtama una adui mmoja mkubwa, naye ni ndege. Wale wadogo wadogo wanaokuja kundi zima kama wapambe waliosikia kuna sherehe. Watoto walishindwa kuwafukuza, makopo yalishindwa, ile sanamu ya mtu niliyoivalisha koti langu la zamani ikafanywa kiota. Ndipo mke wangu akasema, "Mpenzi, wewe si fundi? Mvalishe kila mmoja kofia."

Nikashona kofia za masuke kwa mabaki ya vitambaa. Kwa mapenzi niliyokuwa nayo nikatumia bitana ya nailoni, ile inayong'aa, nikidhani nampa kilicho bora. Masuke yakatoka jasho humo ndani, yakaota ukungu. Hili ni kosa la mke wangu, kwa sababu alipaswa kujua kwamba mumewe hajui. Alinifundisha suke linavyopumua, akiwa ameshika mkono wangu, somo ambalo niliomba alirudie. Tukatumia vitambaa vyepesi. Leo ukisimama juu ya kilima utaona shamba zima limevaa: sare za shule, mapazia, kanzu, mashati ya kazini. Ndege wakija wanazunguka, wanatazama, wanaondoka kimya kama watu waliokosa kadi za mwaliko. Na ndege nao ni wakazi wa nchi hii. Nani anawafundisha wao kukabiliana na mabadiliko?

Wakati huo huo kila mkulima anataka kofia, na gauni la binti wa kinyozi halina mikono mpaka leo. Na liko suke moja, la pembeni kabisa, ambalo limevaa kipande cha gauni la harusi la mke wangu. Alilichagua mwenyewe. Alisema hilo ndilo la mbegu ya msimu ujao. Naomba uniambie, Ndugu Mkurugenzi, mtu anayechagua mbegu ya msimu ujao anafungaje mizigo mwezi huu?

5. Anatumia vibaya kipima mvua.

Asubuhi, kabla hajanipa hata salamu, anakwenda kukitazama kile chombo cha Idara kilichopo uani. Akirudi ananiinamia sikioni na kuniambia, "Milimita nne, mpenzi." Sijawahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo maishani mwangu. Lakini hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, na yanafanywa kwa vifaa vya Serikali.

6. Ameshindwa kumshawishi mama mkwe wake.

Hapa, Ndugu Mkurugenzi, naomba uvae miwani, kwa kuwa ndio ushahidi wangu mkubwa.

Waraka wako wenyewe, ule uliobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata, unasema afisa hatahamishwa mpaka kaya ya mwisho katika eneo lake iwe imekubali kilimo cha kuvumilia ukame. Taarifa iliyokufikia ilisema kaya zote zimekubali. Si kweli. Hukumhesabu mama yangu mzazi, kwa sababu karani wako alidhani mama mkwe ni sehemu ya afisa. Mama yangu si sehemu ya mtu yeyote. Mimi mwenyewe nilikuwa sehemu yake, na sijawahi kumshawishi kitu.

Mama ana shamba pale chini ya nyumba yake, na shamba lile ni la mahindi tangu lizaliwe. Mke wangu alimwendea kwa adabu zote, na mbegu za mtama kwenye kikombe. Mama akazitazama bila kuzigusa, akasema, "Mwanangu, mtama ni chakula cha ndege, na mimi sijaota mbawa."

"Mama, mahindi yanataka mvua ndefu, na mvua ndefu haipo tena."

"Ipo. Imechelewa tu. Hata mume wangu alikuwa anachelewa, na nilimngojea."

Marehemu baba yangu, naomba ijulikane, alikuwa anachelewa kweli.

Mama akapanda mahindi. Yakaota, yakafika kifuani, mvua ikakata. Yakakauka mpaka upepo ukipita yanalia kama karatasi. Mke wangu akaenda kukaa naye kizingitini, bila kumsuta, kwa kuwa hajui kusuta. Akasema tu, "Mama, yamekauka."

"Yamekauka," mama akakubali, "lakini yamekauka kwa heshima."

Hivyo ndivyo alivyo hadi leo. Siku hizi hata nyuma ya jiko lake haturuhusu kupita, kwa hasira. Afya yake ni nzuri, tena ameongezeka mwili, jambo ambalo sielewi linatoka wapi, lakini mama ni mama. Nakuuliza sasa: afisa aliyeshindwa na mwanamke mmoja anayekaa hatua chache kutoka mlangoni pake, utampaje wilaya nzima ya watu asiowajua? Watamrudisha kwa aibu. Nami sitaki mke wangu aaibike. Nataka ashindwe hapa, karibu na nyumbani, mahali anapopendwa.

Haya basi. Mimi si mtu wa kulalamika bila kupendekeza, kwa hiyo nina maombi, na kila moja ni jepesi kuliko lililotangulia.

Ombi la kwanza ni kwamba aachwe hapa hapa mpaka mama akubali. Namjua mama, hilo litatufikisha kwenye kustaafu.

Ikiwa hilo haliwezekani, basi wakulima wa nyanda kavu waletwe huku. Kibanda changu kina baraza. Watakaa, mke wangu atawafundisha, mimi nitashona, na jioni watarudi kwa gari la Idara, ambalo nimeona lina viti vingi na mtu mmoja ndani.

Ikiwa wakulima hawawezi kuletwa, basi uletwe ukame wenyewe. Tutaupokea. Tuna nafasi, na shamba la mama limeshauzoea. Itakuwa rahisi zaidi kuhamisha kitu kisichokuwa na mume.

Na ikiwa hata hilo ni gumu, naomba mabadiliko ya tabianchi yaahirishwe kwa waraka, mpaka ndoa yetu ikomae. Sioni ugumu wake. Ofisi iliyoweza kuchelewesha mbegu mpaka wakati wa palizi haiwezi kushindwa kuchelewesha jua.

Nimeandika kwa mzaha kidogo hapo juu, nisamehe. Mkono wa mtu mwenye furaha hautulii. Lakini nikueleze jambo moja bila mzaha, kisha nifunge.

Siku barua yako ya uhamisho ilipofika, mke wangu aliisoma akiwa amesimama pale uani. Hakulia. Aliikunja akaitia kwenye ule mfuko mmoja kati ya saba, pamoja na udongo. Akasema, "Kule kuna watoto wanasimuliwa mvua kama hadithi." Nikajua anataka kwenda. Nikajua pia kwamba anapaswa kwenda. Halafu akaniuliza, "Hivi cherehani yako ina uzito gani?" Nikamwambia ni nzito, ni ya chuma, ya zamani. Nikadhani anabadilisha mazungumzo.

Ndugu Mkurugenzi, mimi ni mtoto wa pekee. Mama yangu ni mjane, na shamba lake halimlishi. Kila siku nampelekea chakula, naye hukipokea kama anayenifanyia hisani. Siwezi kumwacha mwanamke mzee na mahindi yaliyokauka, hata kama yamekauka kwa heshima. Na siwezi kumwona mke wangu akipanda lori peke yake, kwa kuwa juu ya magunia yale pana nafasi yangu na naijua ilivyo. Kwa hiyo nimechagua njia ya tatu, ambayo ni kukuandikia wewe na kusema uongo kidogo juu ya kazi yake. Nimesoma tena malalamiko yangu na naona uongo haukukaa vizuri. Mimi ni fundi wa nguo. Naomba uupokee hivyo hivyo ulivyo, na wewe uutie pasi.

Nisalimie karani wako, umwambie simlaumu kwa kumsahau mama, kila mtu angependa. Nisalimie dereva wako, na akumbuke kwamba mtu aliyefungua kinywa apewe nafasi ya kukifunga mwenyewe. Nisalimie wote wa idara ya mbegu, wa idara ya mabango, na yule bwana wa kwenye kalenda. Nisalimie zaidi mkeo. Kama safari zimekuwa nyingi na humwoni, mwandikie. Kuandika kunasaidia.

Wako katika ukame na katika mapenzi,

Fundi Pindo,
mume wa Bibi Shamba.

Nyongeza, baada ya kufunga bahasha na kuifungua tena:

Ndugu Mkurugenzi, naomba usitumie chochote nilichoandika hapo juu.

Nilipomaliza nilikwenda kwa mama ili aweke alama ya kidole chini ya lalamiko la sita, kama shahidi kwamba amekataa mtama na ataendelea kukataa. Hakuwepo barazani. Nikamwita, sauti ikatoka nyuma ya jiko, "Usije huku." Mtu akiambiwa na mama yake asiende mahali, hata akiwa na mke, miguu inakwenda.

Nyuma ya jiko, Ndugu Mkurugenzi, kati ya ukuta na uzio wa miti, mama ana mtama. Umesimama ndani ya mashimo ya kina cha mkono, na kila suke limevaa kofia. Kofia zile sikuzishona mimi. Zimeshonwa kwa mkono, kwa vipande vya gauni lake la zamani la maua, mshono umelala upande wa kushoto kama mtu anayelala usingizi. Naujua mshono ule. Ndio niliofundishiwa kazi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anafikicha suke kiganjani. Hakushtuka. Alisema, "Umeona sasa. Kaa chini."

Nikamwuliza kama sasa ameota mbawa.

"Usinichezee. Ule waraka nilisomewa na mimi. Kaya ya mwisho ikikubali, wanamchukua. Basi nikasema kaya ya mwisho itakuwa na kichwa kigumu. Mkwe kama yule unampata mara ngapi? Nilipata wewe mmoja tu nikajua bahati yangu imekwisha."

Akaendelea kufikicha, akapuliza makapi.

"Lakini nimekaa nimefikiri. Mbegu ikikaa sana chunguni inaliwa na wadudu. Kule nako kuna mama wakwe. Nani atawaambia? Mpeleke. Na wewe nenda naye, usinikalie hapa kama kizibo. Mimi nina akiba ya kunifikisha msimu mwingine, na chakula chako unacholeta nampa Mzee Bado."

Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikamweleza mke wangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiye aliyempa mama mbegu zile, siku ile ile ya kikombe. Mama alipozikataa mbele yangu, alimfuata nyuma akaziomba, na akamwapisha asiseme. Nikamwuliza, "Na wewe mbona hukunitajia, wala hukumwandika mama kwenye taarifa yako kwamba amekubali?" Akatazama kipima mvua kwa muda mrefu, ingawa kilikuwa kikavu, akasema, "Mama mkwe haripotiwi Idarani." Halafu akaniuliza tena, polepole, kama anavyomfundisha mtu mzima kupanda, "Cherehani ina uzito gani?"

Safari hii nilielewa. Tumeipima. Kichwa chake kinafunguka kutoka kwenye meza yake, kinabebeka, na kule kwenye nyanda kavu kuna ndege wengi kuliko hapa, wasio na habari kwamba nakuja.

Kwa hiyo mke wangu hakushindwa kazi. Sahihisha hivyo kwenye kumbukumbu zako. Amesoma barua hii yote, na amesema lalamiko pekee la kweli ni la tano, na kwamba ataliendeleza.

Shamba la mfano la hapa atalisimamia mama. Hataki mshahara, anataka ile kalenda, kwa ajili ya kuwashia moto. Na kwa kuwa njia ya kwenda nyanda kavu inapita mbele ya ofisi yako, tutafika kwako wote watatu kabla mwezi haujaisha: mke wangu kuchukua barua ya kazi, mimi na kichwa cha cherehani begani, na mama, ambaye hasafiri popote, ila amesema anakuja mpaka hapo kukuona uso, ajue ni nani aliyemchukulia mkwe, na akuchome kidole aone kama una unyevu.